Kengele Chini ya Meza ya Pasi

Nyinyi vijana mnaofunga kengele za moto siku hizi, acheni niwagombeze kwanza, halafu tutapatana. Juzi mwanangu alinichukua hadi hoteli moja pale Diani nikaione mitambo mipya. Nikaingia jikoni, nikainua macho darini, nikakiona kile kidude cha kunusa moshi kimevishwa mfuko wa nailoni na kufungwa kwa mpira. Nikamuuliza fundi wa hapo, kijana mzuri mwenye adabu zake, kama kidude kinaumwa. Akacheka. Akasema wapishi wakikaanga samaki kinapiga kelele, kwa hivyo hukifunika mpaka wamalize. Nikamuuliza humaliza lini. Akautazama mfuko, nao ulikuwa umeshika vumbi.

Basi kaeni kitako. Kazi hii nimeifanya tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na masikio yangu yamekwisha kwa ajili yake. Atakayetaka kunijibu anitazame usoni na aseme kwa sauti.

Nilianza miaka michache baada ya bendera yetu kupandishwa. Hoteli zilikuwa zinaota pale pwani ya Diani, na karibu zote ziliezekwa makuti. Makuti ni mazuri, yanatia baridi, wageni wanayapenda mno. Lakini moto ukiyashika huna wakati wa kutafuta viatu. Baba yangu alikuwa mkata mikoko kule Bodo, na alidhani nitamfuata kwenye matope. Mimi nikachukuliwa na Fundi Salimu, Mungu amrehemu, mtu wa Gazi aliyejifunzia kengele bandarini Mombasa. Alikuwa mfupi, maneno machache, kikohozi kirefu. Baba alipomuuliza kazi yenyewe ni ipi, Fundi akamwambia ni kupiga kelele kabla ya moto. Baba akasema basi nimepata kazi inayonifaa, kwa vile nyumbani nilikuwa napiga kelele bure.

Mitambo yetu ilikuwa rahisi. Ukutani kuna kisanduku chekundu chenye kioo. Ukiona moto unavunja kioo, umeme unakwenda kwenye kengele, kengele zinalia. Ofisini karibu na mlango kuna sanduku kuu lenye vidirisha, na kwenye kidirisha cha upande uliovunjwa kioo huanguka kibao chekundu, ukajua moto uko wapi. Chini yake zimepangwa betri za maji, ili umeme ukikatika kengele isikatike nao. Ni hayo tu. Leo nyinyi mna mashine inayokuambia mpaka nambari ya chumba, na bado mnaivisha nailoni.

Adui aliyetusumbua kila siku ni chumvi. Upepo wa bahari unaileta ndani ya kila kitu, na shaba ikishikwa na chumvi inaota ukungu wa kijani, umeme haupiti. Tulisugua kwa msasa, tukapaka vaselini kidogo, kama unavyompaka mtoto mdomoni. Kulikuwa na seremala wa hoteli, mtu wa huruma sana ila haambiliki. Alituona tunahangaika na vaselini yetu ya kuagiza, akatuonea imani. Akachukua mafuta ya nazi ya mkewe, akazipaka kengele zote za upande wa bustani. Ziling'aa, wallahi. Siku tulipozijaribu, kimya. Tukafungua ya kwanza, tukakuta sisimizi wamehamia na mayai yao, na nyundo ya kengele imekwama katikati ya ukoo mzima. Seremala akasikitika kweli. Akasema, lakini yale yalikuwa mafuta ya kukamua kwa mkono.

Jambo jingine, na hili hata leo nawaona mnalikosea. Waya unapoingia kwenye sanduku la nje, usiuvute ukakaza. Uache ulegee na kuning'inia kidogo, ndipo uupandishe uingie. Mvua ikinyesha, maji yatafuata waya mpaka pale chini na kudondoka, hayatapanda kuingia ndani. Fundi Salimu akikuta umeukaza, hasemi neno. Anaukata kwa koleo, anakuachia ncha mbili mkononi, anakwenda zake kunywa kahawa.

Na kima je? Visanduku vya mwanzo vilikuwa na kinyundo kidogo cha kuvunjia kioo, kimening'inizwa kwa mnyororo. Kima wa Diani walivipenda vile vinyundo kuliko ndizi. Tukiisikia kengele asubuhi ya utulivu, wageni wanakimbia na mataulo, sisi tunatazama juu ya paa kwanza. Mwisho tukaviondoa, tukaandika tu kwamba kioo kivunjwe kwa kiwiko.

Lakini jambo ambalo Fundi Salimu alilishika kuliko yote halikuwa la waya. Kila tukimaliza kufunga kengele, nami najivuna nataka aione inavyokaa sawa, yeye haitazami. Husema, "Usinionyeshe kengele ilipo. Nionyeshe nani ataisikia." Kisha anakwenda mpaka pembe ya mbali kabisa ya jengo, chooni, stoo, nyuma ya matangi, anasimama huko, mimi napiga. Nilidhani ni uzee unamsumbua. Nilikuja kumfahamu kwa sababu ya Mwanakombo, na habari yake ndiyo niliyowaitia hapa.

Mwanakombo alikuwa msichana wa Msambweni, mpiga pasi wa hoteli. Homa ilimchukua masikio akiwa mdogo, wakati tayari anajua kusema. Kwa hivyo maneno alikuwa nayo, ila sauti yake ilitoka bapa, haipandi wala haishuki, na watu walidhani ana hasira. Mara nyingine ni kweli alikuwa na hasira. Ukimtazama ukasema polepole alikusoma midomo vizuri. Ukisema umempa kisogo, umesema na ukuta. Kijijini walizoea kumwita yule kiziwi. Pale dobini alikuwa Mwanakombo wa pasi, na shuka aliyoipiga yeye huwezi kuiona ilipokunjwa. Baba yake alikuwa amekwisha fariki. Mama na wadogo zake walikula kwa mkono wake, na yeye aliipenda ile kazi, mnisikie, aliipenda. Alikuwa akiingia asubuhi anaipapasa meza ile kwanza kama mtu anayesalimia.

Je, nilimpenda? Subirini.

Hoteli ilitaka kibali cha kufungua jengo jipya, na kibali hakitoki mpaka mkaguzi wa zimamoto aje kutoka Mombasa kujaribu kengele. Akaja. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mtu wa bara mwenye Kiswahili cha kitabuni, anayempa mkono kila mtu hata watu wa bustani. Wafanyakazi walikuwa wamekwisha elezwa na meneja: kengele ikilia, kila mtu atoke, aende uwanja wa magari, asimame. Wote waliitikia. Na wote, nawaambieni kweli, walidhamiria kufanya hivyo.

Sasa mtu wa mbali hawezi kulifahamu kosa lililofuata. Kwetu sisi mtu akipatwa na jambo hupiga ukemi, ule wito mrefu wa kuomba msaada, na ukiusikia huulizi. Jembe unaliacha, chakula unakiacha, unakimbilia kule unakotoka. Asiyekwenda kwa mwenzake, siku yake hatakwendewa. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na jambo la mwenzako ni lako. Tumenyonyeshwa hivyo pamoja na maziwa.

Mkaguzi akavunja kioo cha upande wa jikoni. Kengele ikalia. Na watu wote wa hoteli wakakimbilia jikoni. Wahudumu walikuja na ndoo, wanawake wa dobi na mabeseni yenye povu la sabuni, Mzee Nyawa wa bustani anaburura mpira wa maji mabegani. Mgema wa shamba la jirani aliisikia akiwa juu ya mnazi, akateremka akaja na shoka lake. Mlangoni wakagongana na wageni wanaotoka, na bibi mmoja wa Kizungu akamwagiwa ndoo nzima na mtu aliyetaka kumsaidia. Kule uwanjani, tulipoagizwa tukusanyike sote, walikuwa wamesimama meneja na mbwa wa meneja.

Fundi Salimu na mimi tulikuwa kwenye sanduku kuu, maana mafundi wa kengele hawaondoki mpaka waambiwe watu wamekwisha. Fundi alikuwa ameinama. Nikadhani ni kikohozi, kumbe ni kicheko.

Kicheko kilikwisha mkaguzi alipopita ndani kutazama nani amebaki. Alimkuta Mwanakombo peke yake, ameupa mlango mgongo, anapiga pasi kola ya shati kwa raha zake.

Msimlaumu yule mkaguzi. Mimi nilimlaumu, nikakosea. Alituita mimi na Fundi na meneja, akasema kwa upole kwamba watu kukimbilia moto ni jambo la kufundishika, lakini hili la pili hawezi kulifumbia macho. Huko nyuma, kwenye ghala lililoungua, alikuwa amemtoa kwa mikono yake mtu aliyekuwa akifanya kazi penye mashine, hakusikia kengele. Hakusema alimtoa akiwa vipi. Akasema tu, "Siwezi kutia sahihi jengo lenye mtu ambaye kengele haimfikii." Atarudi baada ya wiki moja hivi, na siku hataisema.

Meneja akasikia alichotaka kusikia. Kwake dawa ilikuwa nyepesi: mtu aondolewe, jengo lipite. Na kwa kuwa Mwanakombo alinisoma mimi midomo kuliko wengine, nikatumwa mimi nikamwambie kwamba mkaguzi akirudi asimkute.

Nikaenda. Alikuwa anakunja. Aliponiona uso akaiweka pasi pembeni, akaniuliza kama ameunguza nguo. Nikatikisa kichwa. Akauliza kama amechelewa. Nikasema la. Nikamweleza habari ya kengele mpaka mwisho, naye ananitazama mdomo bila kupepesa. Nilipomaliza akasema kwa sauti yake ile bapa:

"Kengele umezifunga wewe, kaka Omari. Wote umewafungia. Mimi mbona hukunifungia?"

Nilitoka pale moja kwa moja. Nikampelekea Fundi Salimu maneno yale kama yalivyo. Fundi alikuwa anakunywa kahawa. Akakiweka kikombe chini akasema ameniuliza swali hilohilo kwa miaka, na kumbe lilingoja mwenye haki ya kuliuliza. Kisha akasimama, akamwomba meneja amwache mpaka mkaguzi arudi, akachukua bisibisi.

Kwanza tulimfungia taa. Taa nyekundu ukutani mbele ya meza, kengele ikilia inawaka. Leo mnazinunua zikiwa tayari kwenye makasha, sisi ile tuliiunda kwa taa ya nyuma ya gari bovu. Nilijiona mwerevu kupita kiasi. Tukaijaribu mchana. Taa ikawaka, Mwanakombo akaendelea na kazi. Jua la Diani lilikuwa limejaa chumba kizima, na mpiga pasi hatazami ukuta, anatazama pasi yake asije akaunguza. Nikamgusa bega, nikamwonyesha taa. Alipofahamu kwamba imewaka muda wote huo naye hakuiona, alikaa juu ya furushi la nguo akafunika uso kwa leso. Alikuwa na haki ya kulia. Alikuwa amekwisha anza kuamini.

Fundi akachuchumaa mbele yake mpaka nyuso zikawa sawa, akamuuliza, "Mwanangu, wewe huijuaje dunia inapokuja nyuma yako?"

Mwanakombo akafikiri. Akasema lori la kuni likiingia uani, yeye hulijua kabla ya wengine, kwa sababu meza humwambia. Akaweka kiganja juu ya meza kutuonyesha. Ilikuwa meza nzito ya mvule, imekaa juu ya sakafu ya saruji, na kila kitu kizito kilichopita kilipanda kwa miguu yake.

Fundi Salimu alinitazama, nami nikamtazama. Tulikwenda stoo tukachukua kengele kubwa kuliko zote. Tukaifungua kikombe chake cha chuma, kile kinacholia, tukakitupa pembeni. Ikabaki nyundo tupu. Tukaifunga chini ya ile meza, nyundo ikielekea juu, ili umeme ukija igonge mbao badala ya chuma. Kengele isiyolia. Mwanakombo akaambiwa afanye kazi yake kama kawaida. Mimi nikaenda kwenye sanduku kuu nikapiga.

Fundi ndiye aliyenisimulia, maana mimi sikuwepo. Alisema nyundo ilipogonga, Mwanakombo aliruka nyuma, akatazama mikono yake yote miwili, kisha akairudisha juu ya meza taratibu, akaiacha pale, akacheka. Hakuna mtu pale dobini aliyewahi kumsikia akicheka kwa sauti. Mimi nililisikia lile cheko kutoka ofisini, na hapo sasa ndipo mnaweza kuniuliza lile swali la mapenzi.

Lakini Fundi Salimu hakuridhika. Alisema meza haitembei. Akiwa stoo ya shuka je? Akiwa chooni? Akafikiri siku mbili tatu, akikohoa. Kisha akawaita wafanyakazi wote wakati wa chakula cha mchana, akasimama mbele yao, yeye asiyependa kusema. Nami nadhani yale ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kumsikia akiyasema kwa mkupuo mmoja.

Akasema hakuja kuwagombeza kwa ndoo zao, kwa sababu siku nyumba yake ikiungua angependa awaone vivyo hivyo. Akasema, "Lakini tukisikia ukemi, tunaukimbilia moto au tunamkimbilia mtu?"

Mzee Nyawa akajibu kwamba bila shaka ni mtu. Moto nani anautaka?

"Basi kengele hii ni ukemi," Fundi akasema. "Ikilia, kila mmoja amwendee mtu wake, amshike, atoke naye. Ndoo tuwaachie wenye mipira mikubwa."

Na palepale kila mtu akapewa mtu wake. Mpishi amwendee msaidizi wake wa nyuma. Mhudumu awaendee wageni wa vyumba vyake. Mzee Nyawa alipewa bibi yuleyule aliyemwagiwa maji, na akaapa atamtoa mkavu. Mwanakombo akawekewa mwenzake wa dobi wa kumwendea. Mazoezi ya siku ile yalikuwa vurugu tupu, watu wawili waling'ang'aniana kila mmoja akitaka kumtoa mwenziwe. Lakini miguu ilikuwa imeelekea kunakotakiwa.

Mkaguzi akarudi asubuhi moja bila kubisha hodi kwa mtu. Na kama mnavyojua, siku ya mtihani ndiyo siku ya mkosi. Yule mwenzake Mwanakombo alikuwa amekwenda mazikoni Kibuyuni. Naye Mwanakombo hakuwa mezani, alikuwa stoo ya shuka. Kengele ikalia, kibao kikaanguka kwenye kidirisha cha upande wa dobi. Nikaona watu wanapita mlangoni, kila mmoja na mtu wake, na moyo ukaniambia kuna mkono mmoja mtupu.

Nikasema, "Fundi, mwenzake Mwanakombo hayupo leo."

Fundi hakugeuka kutoka kwenye sanduku. Akaniuliza, "Na wewe unasimama hapa kwa nini?"

Nilikimbia. Stoo ilikuwa mwisho wa ukumbi, na yeye alikuwa juu ya kigoda, mgongo kwangu, anapanga shuka rafu ya juu. Nikamgusa bega mara mbili. Akanitazama uso, hakuuliza kitu, akateremka, akanipa mkono. Tulipofika uwanjani watu wote walikuwa pale. Mzee Nyawa alikuwa amemshika bibi wa watu kiwiko, na mpira wa maji ungali begani kwake kwa mazoea. Meneja akaita majina, kila mtu akaitika.

Mkaguzi alikwenda kwenye chumba cha pasi, akauliza ile meza ni ya nini, akaelezwa. Akaweka viganja vyote viwili juu yake, akaomba tupige. Nyundo ikagonga. Alibaki ameinama pale muda, mikono juu ya mbao, na sijui alikuwa akimfikiria yule mtu wa ghalani, lakini mimi nafikiri ndiye. Alipoinuka akaniuliza ni nani aliyekwenda kumchukua huyu dada. Nikasema mimi. Akauliza, na siku wewe haupo? Fundi akamweleza habari ya kila mtu na mtu wake, na kwamba akikosekana mmoja, aliye karibu yake anashika zamu.

Mwanakombo alikuwa amesimama mbele ya mkaguzi, anatusoma midomo wote kwa zamu. Akainua mkono.

"Na hawa wawili wa kwenye sanduku? Nani huwaendea wao?"

Tukatazamana. Fundi Salimu alikuwa ameigawa hoteli nzima, mpaka mbwa wa meneja alikuwa na mtu wake. Waliosahauliwa ni mafundi wa kengele, wanaokaa mwisho kuliko wote.

"Fundi anaye Omari," akasema Mwanakombo. "Omari hana mtu. Nitamwendea mimi."

Mkaguzi akamuuliza polepole, akitengeneza midomo vizuri, kwamba yeye mwenyewe atajuaje kengele imelia. Akajibu kwamba akiwa mezani meza itamwambia, na asipokuwa mezani atagutushwa begani, na vyovyote iwavyo, akishajua, atakwenda. Alisema kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka, lakini siku ile hakuna aliyeidhania hasira. Mkaguzi akatoa kalamu, akatia sahihi palepale juu ya meza ya pasi. Mwanakombo akaisogeza karatasi yao pembeni, akarudi kwenye kazi yake, maana mashati yalikuwa yanangoja.

Mtaniuliza kama ile hoteli iliwahi kuungua. Iliungua. Ilikuwa mchana wa kaskazi, makuti yamekauka, na cheche ya bomba la moshi la jikoni ikapanda juu. Fundi Salimu alikuwa amekwisha staafu, sanduku nililikalia peke yangu. Kengele zikalia vizuri mpaka ya mwisho, na nikawa naona fahari, Mungu anisamehe, paa linawaka nami nahesabu sauti za kengele zangu. Moshi ukateremka, macho hayaoni. Katika kelele ile mtu anaweza kujisahau kabisa. Nikahisi begani, mara mbili. Alikuwa Mwanakombo; alinishika mkono tukatoka. Paa liliteketea lote, na uwanjani hakukosekana mtu.

Nilimgeuza palepale anitazame, nikamwambia kwamba nataka kutuma wazee nyumbani kwao. Akasema nirudie, moshi umemtia machozi hakunisoma. Nikarudia. Akasema nirudie tena. Mara ya tatu ndipo nilipofahamu kwamba alikuwa amenisoma tangu ya kwanza.

Basi mkifika kwenye jengo, wanangu, waya mtafunga, na mashine zenu zitazungumza. Lakini kabla hamjashuka ngazi, ulizeni nani amelala, nani hasikii, nani hawezi kutembea, na nani atamwendea. Jengo lisilojua majibu hayo halijafungwa kengele, hata likilia mpaka Lungalunga wakasikia.

Mimi sasa masikio yangu yamekwisha. Daktari alisema ni zile kengele, nyingi mno na karibu mno. Kwa hivyo nyumbani Msambweni tuko wawili tusiosikia, na mwanetu, aliyeifuata kazi yangu, ametufungia kidude cha moshi jikoni. Nilimwuliza kwa ajili ya nani. Akasema kwa ajili ya majirani.

Na kweli, mwezi uliopita kililia. Nilikuwa nimejinyoosha chumba cha nyuma baada ya sala ya adhuhuri, nimesahau maharagwe jikoni. Mwanakombo alikuwa nje, anaanika mpunga kwenye jamvi. Akawaona majirani wanakuja mbio na ndoo zao, maana watu wetu hawabadiliki, alhamdulillahi, wote wanaelekea kwetu. Mimi sikujua lolote. Nilihisi begani, mara mbili. Nikafungua macho, nikamwona amesimama juu yangu, leso imemwanguka, miguu ina mpunga, kifua kinapanda na kushuka. Akanishika mkono akanitoa nje, na moshi wa maharagwe unatupita kichwani.

Hakukuwa na moto. Sufuria ndiyo iliyoharibika. Mwanetu alipokuja jioni kusikia habari alimkasirikia sana mama yake, na alikuwa na haki, maana kanuni nimemfundisha mwenyewe: aliye nje hurudi ndani kwa nini? Akamgeuza amtazame, akamwambia polepole, "Mama, wewe ulikuwa nje tayari. Majirani wangeingia. Uliingia kufanya nini?"

Mwanakombo alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

"Kwani babako," akasema, "ana mtu mwingine?"